Helmeti ya pikipiki kwenye intakomu ya ndege: kazi ya fundi redio wa Ngamiani, Tanga

Kwa miezi minane sasa nimekuwa nikiruka na helmeti ya kawaida ya pikipiki ambayo maiki na spika zake zilibadilishwa na fundi redio mmoja wa Ngamiani, hapa Tanga, ili zichomekwe kwenye intakomu ya ndege, yaani mfumo wa rubani na abiria kuzungumza wakiwa ndani ya ndege. Watu kadhaa wanaoruka na ndege ndogo kati ya Tanga, Pangani na Saadani wameniuliza kama kazi hiyo inastahili fedha niliyolipa. Jibu langu ni kwamba upande wa maiki umetengenezwa vizuri kuliko nilivyotarajia, upande wa spika ulihitaji kurudiwa ndipo ukawa mzuri, na muda wa kusubiri ni mrefu mno. Fundi mwenyewe ni mzee asiyependa kutangazwa, kwa hiyo sitamtaja jina, lakini kazi yake nitaieleza kwa kirefu, kwa sababu mtu akiielewa ataweza kumwuliza fundi yeyote maswali yanayostahili kabla ya kumkabidhi helmeti yake.

Kazi yangu ni kupiga picha kutoka angani: mipaka ya mashamba ya mkonge, mikoko ya pwani, na mafungu ya mchanga kama Maziwe wakati wa maji kupwa. Ndege ninayopanda ina viti viwili, injini iko nyuma ya kisogo changu, na upande wangu hauna mlango wala kioo cha kuzuia upepo. Hedseti ya kawaida ya ndege haikai chini ya helmeti, na nikivaa hedseti peke yake upepo huivuta kila ninapochungulia nje na kamera. Helmeti maalumu za marubani zipo, tena huja na vikombe vya masikio na maiki yake tayari, ila bei yake pamoja na gharama za kuisafirisha hadi Tanga ilinishinda. Nilichokuwa nacho ni helmeti nzuri ya pikipiki, ya aina isiyofunika kidevu, yenye seti ya maiki na spika mbili nyembamba, zile ambazo waendesha pikipiki huzitumia kuzungumza na abiria au kupokea simu.

Kabla ya kufika Ngamiani nilikwisha kupoteza fedha kwingine. Fundi wa kwanza alikata plagi ndogo ya ile seti, akaziunganisha waya na plagi mbili za ndege kwa kufuata rangi, akafunga tepu nyeusi, akapokea shilingi 30,000. Siku ya kujaribu, rubani alinisikia kama mtu anayeongea kutoka ndani ya mtungi uliofunikwa, na nilipochomeka plagi ya spika, sauti katika hedseti yake mwenyewe ilipungua ghafla hadi akageuka kuniangalia. Namshukuru Mungu tulikuwa bado chini, na redio ilikuwa imezimwa, intakomu peke yake ndiyo iliyokuwa na umeme. Abiria asiyesikika anaweza kuvumiliwa. Abiria ambaye vifaa vyake vinamziba rubani masikio hapaswi kupanda ndege.

Mzee wa Ngamiani aliitikia shikamoo yangu, akaipakata helmeti, na kabla hajagusa pasi ya kulehemu akachukua mita na kuanza kupima. Kila spika ilisoma omu saba na pointi kidogo (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme). "Hizi ni za omu nane, mwanangu," alisema, "mita husoma pungufu kwa sababu inapima waya uliolala, haipimi sauti ikipita." Kisha akaniuliza swali ambalo fundi wa kwanza hakuniuliza: "Na hiyo intakomu ya ndege inataka omu ngapi?" Kwa bahati kitabu cha intakomu nilikuwa nacho kwenye simu, nacho kilisema kati ya 150 na 600. Mzee alicheka kidogo, akaniambia kwamba spika mbili za omu nane zilizounganishwa sambamba, kama yule mwenzake alivyofanya, ni omu nne tu, na kwamba hapo ndipo sauti ya rubani ilipokwenda. Hedseti zote ndani ya ndege hunywa kutoka chanzo kimoja, kama majirani wanaochota kwenye bomba moja la mtaa: mmoja akitega mpira mnene, ndoo ya mwenzake haijai.

Dawa yake ilikuwa transfoma ndogo aliyoing'oa kwenye redio kuukuu ya betri, kitu kisichozidi ukubwa wa kete mbili za bao zilizobandikwa pamoja. Transfoma ya aina hiyo hukaa kati ya transista za mwisho za redio na spika yake, na ile aliyoichagua ilikuwa ya omu 1,000 upande mmoja na omu 8 upande wa pili. Uwiano wa mizunguko ya waya ni kama 11 kwa 1, lakini ukinzani dhidi ya mkondo wa sauti hubadilika kwa mraba wa uwiano huo, yaani karibu mara 125, na kwa hiyo omu nne za spika zangu zikawa, kwa macho ya intakomu, omu 500. Sikuhitaji kununua spika mpya, wala hakukuwa na kitu cha kuwekewa betri. Jambo hili lilinifurahisha sana, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuambiwa na watu wawili kwamba spika za pikipiki haziwezi kufanya kazi kwenye ndege kwa namna yoyote. Zinaweza, ilimradi aliyezishika anajua hesabu hiyo.

Upande wa maiki ndio uliochukua muda mwingi zaidi, na ndio ninaousifu kwa moyo wote. Maiki za ndege zimerithi tabia za maiki za zamani za kaboni, ambazo ndani yake zilikuwa na chembe za kaboni zinazobanwa na kuachiwa na mawimbi ya sauti. Maiki hizo hazikuwa zikizalisha umeme wowote. Redio ndiyo iliyokuwa ikizipelekea umeme, na sauti ya mtu ikawa inabadilisha ukinzani wake tu. Chembe za kaboni zilikwisha kuachwa, lakini soketi zilibaki na desturi ileile: mpaka leo intakomu hupeleka umeme wa moja kwa moja, wa volti 8 hadi 16 hivi, kwenye waya wa maiki, na hutarajia kurudishiwa sauti yenye nguvu. Maiki ya pikipiki ni kidonge kidogo kama kifungo cha shati, chenye transista yake ndani, kinachotosheka na volti mbili tatu, na sauti inayotoka humo ni ndogo mno, hupimwa kwa sehemu za elfu za volti moja. Kukiunganisha moja kwa moja na ndege ni kukipa umeme usio wake na kukidai sauti kisiyoweza kuitoa. Ndiyo maana nilisikika kama niko mtungini.

Mzee alitengeneza kikuza sauti cha transista moja juu ya kipande cha bodi chenye upana wa kidole gumba, kinachopata umeme wake kutoka kwenye waya uleule wa maiki, kwa hiyo hapa pia hakuna betri ya kukumbuka kubadilisha. Akaweka na skrubu ndogo ya kurekebishia ukubwa wa sauti. Kilichoniridhisha zaidi ni namna alivyokijaribu. Hakunipa helmeti na kuniambia nikajaribie angani. Alijenga "ndege" juu ya meza yake kwa betri ya pikipiki ya volti 12, rezista ya omu 470 na kikuza sauti kidogo, akanitaka nimletee hedseti ya rubani kama kipimo. Nilihesabu moja hadi kumi kwenye hedseti ya rubani, kisha moja hadi kumi kwenye helmeti, naye akawa anageuza ile skrubu kwa bisibisi ya saa mpaka sauti mbili zikalingana. Tulirudia hivyo mara saba au nane, huku vijana wawili wa baiskeli wakiwa wamesimama mlangoni wakitusikiliza nikihesabu kama mtoto wa chekechea.

Alikibadilisha pia kidonge chenyewe. Kile cha seti ya pikipiki kilikuwa kimezibwa nyuma, na kwenye kelele kilichukua kila kitu bila kuchagua. Alichoweka badala yake kina matundu mbele na nyuma: mngurumo wa injini, ukitoka mbali, huingia pande zote mbili karibu kwa kiasi kilekile na kujiua wenyewe, wakati sauti ya mdomo ulio karibu huingia kwa nguvu upande wa mbele tu. Kwa sababu hiyo kidonge lazima kikae kama nusu sentimita kutoka midomoni, na upande wake wa nyuma usizibwe kwa tepu wala gundi. Alinionyesha kwa kidole tundu la nyuma, akanisomea kama mzazi: "Hapa ukipaziba, umeninyang'anya kazi yangu." Maiki sasa imeshikwa na mkono wa waya mnene unaokunjika, na imevishwa sponji ya kuvunja upepo. Nikichungulia nje sponji hutikisika, na bado rubani ananielewa kila neno.

Kuhusu plagi nitasema kwa ufupi, ila kuna jambo moja lisilopaswa kupitwa. Ndege nyingi ndogo zina soketi mbili: ya masikio, ambayo plagi yake ina unene wa milimita 6.35 kama ya gitaa, na ya maiki, iliyo nyembamba kidogo, karibu milimita 5.2, yenye sehemu tatu. Mwili ni ethi, pete ni sauti, na ncha ni ya kitufe cha kuongea redioni. Ncha ikigusana na mwili, redio hudhani mtu amebonyeza kitufe. Mzee alipofungua plagi iliyofungwa na fundi wa kwanza, alichomoa kwa kibanio uzi mmoja wa shaba, mwembamba kama unywele, ulioachwa nje ya risasi na kulala karibu kabisa na waya wa ncha. Aliuweka kwenye kiganja changu bila kusema neno. Kama uzi huo ungegusa, na redio ikawa imewashwa, tungeweza kukaa hewani bila kujua na kuziba masafa ambayo ndege nyingine zinayategemea, kwa kuwa kwenye masafa hayo wawili hawawezi kusema kwa wakati mmoja wakaeleweka. Uzi huo ninao mpaka leo, nimeubandika kwa tepu ndani ya kisanduku cha helmeti. Wenye helikopta wajue kwamba helikopta nyingi hutumia plagi moja nene yenye sehemu nne, na mzee hakuwa nayo.

Safari ya kwanza ilionyesha kasoro mbili. Kila rubani alipobonyeza kitufe na kuongea redioni, masikioni mwangu ulijaa mlio kama wa nyuki walioguswa mzinga, na ukakoma alipoachia. Nilimrudishia mzee helmeti nikiwa nimeudhika kidogo, lakini nilipomweleza alijua chanzo mara moja. Redio za ndege hutumia masafa ya megahazi 118 hadi 137. Kwenye megahazi 120 wimbi moja lina urefu wa mita 2.5, na robo yake ni kama sentimita 62, nao waya usio na vazi la nyuzi za shaba uliotoka kwenye helmeti yangu hadi kwenye kile kipande cha bodi ulikuwa na urefu wa karibu hivyohivyo. Kwa maneno mengine alikuwa amenijengea antena bila kukusudia, na transista ndogo iliyo ndani ya kidonge ikawa inayageuza mawimbi hayo kuwa sauti. Alikiri kwamba kosa ni lake, akaubadilisha waya wote kwa waya wenye vazi, akaliunganisha vazi hilo na ethi upande mmoja tu, akaweka kapasita ndogo ya pikofaradi 100 sambamba na kidonge na kipete cha feraiti kwenye waya ili kuyazuia mawimbi hayo, na hakunitoza hata shilingi. Nyuki wamekwisha. Hata ile mipasuko ya cheche za plagi za injini, ambayo nilikuwa nimeizoea, imepungua sana.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi, na namwomba kila anayefikiria kazi hii aizingatie kabla ya kulipa. Spika za pikipiki ni bapa na hazizuii kelele. Zimetengenezwa kubandikwa ndani ya kitambaa cha helmeti, na kelele ya nje hupita pembeni yake bila kizuizi. Aliyewahi kusimama karibu na korona ya mkonge ikiwa inachana majani anajua kelele inayomfanya mtu aseme kwa ishara. Ndani ya ndege iliyo wazi hali ni hiyohiyo, ila inadumu safari nzima. Nilijikuta nikiongeza sauti ya intakomu hadi mwisho ili kuishinda injini, na maana yake ni kwamba nilikuwa naongeza kelele juu ya kelele. Wataalamu wa afya kazini huweka desibeli 85 kuwa kikomo cha saa nane kwa siku, na kwa kipimo chao kikali kila nyongeza ya desibeli tatu hukata muda huo nusu, hivi kwamba kwenye desibeli 94 mtu amebakiwa na saa moja tu. Baada ya safari ya pili masikio yangu yalikuwa bado yanavuma nilipokaa kula chakula cha usiku.

Hapo mzee alipendekeza achimbe lile povu gumu jeupe lililo ndani ya ganda la helmeti ili apate nafasi ya vikombe vya masikio. Nilikataa, na bado nashikilia kwamba nilikuwa sahihi. Povu hilo ndilo linalobonyea badala ya fuvu mtu akianguka, na helmeti iliyochimbwa povu imebaki ganda tu, hata kama kwa nje inang'aa. Alinielewa. Tuligundua kwamba mahali pa masikio helmeti yangu ina mito laini peke yake, bila povu gumu, kwa hiyo nilinunua vikombe vyembamba vya kuzuia kelele, vile wanavyovaa watu wa mashine, naye akaiondoa ile mito, akavishona vikombe kwenye mkanda wa kitambaa, akaziweka spika ndani yake. Tofauti ni kubwa mno. Sauti ya intakomu sasa naiweka chini ya nusu, namsikia rubani bila kukunja uso, na nikishuka masikio yangu ni mazima. Tatizo lililobaki ni miwani yangu: mkono wa miwani huacha upenyo chini ya ukingo wa kikombe, na upande wa kushoto, ambao upenyo wake ni mkubwa zaidi, naendelea kusikia injini kuliko kulia. Mwenye helmeti ambayo povu lake gumu limeshuka hadi masikioni sidhani kama atapata suluhisho hili, na kwake yeye ningeshauri aache.

Gharama zote zilikuwa hivi. Kikuza sauti pamoja na kidonge kipya nililipa shilingi 60,000, transfoma na waya 25,000, vikombe nilivinunua mwenyewe kwa 40,000 na ushonaji wake ukawa 15,000. Jumla ni shilingi 140,000, bila plagi, ambazo nilikuwa nazo. Naona ni bei ya haki kwa kazi ya mikono inayohitaji akili kiasi hicho. Lawama yangu ni ya muda. Niliahidiwa siku nne nikapata helmeti baada ya wiki tatu, na katika wiki hizo nilifika dukani mara tano na mara nne nikaambiwa kesho kutwa. Mtu anayeishi mjini anaweza kuvumilia, lakini anayetoka Pangani au Muheza na kulipa nauli kila mara ana haki ya kuambiwa ukweli kwa simu. Risiti pia hakuna. Mchoro wa saketi niliuomba mara mbili kabla ya kuchorewa kwa kalamu ya bluu nyuma ya jalada la daftari, ila mchoro wenyewe ni safi na fundi mwingine aliusoma bila shida.

Uimara nimeuridhia. Hewa yetu ya chumvi huila shaba haraka, na mzee aliipaka bodi yote rangi ya kucha isiyo na rangi, tabaka mbili, kabla ya kuifunika kwa mpira unaojibana ukipashwa moto. Nilipoifungua mwezi uliopita kwa udadisi sikuona hata doa la kijani. Pete ya plagi ya maiki hufifia na kuleta mikwaruzo katika sauti kila baada ya wiki kadhaa, nami huifuta kwa kitambaa kikavu kabla ya kuruka. Mwezi wa tano waya ulikatika kwenye shingo ya plagi kwa sababu nilikuwa na tabia ya kuvuta waya badala ya kushika plagi. Ulirekebishwa siku hiyohiyo kwa shilingi 5,000.

Jambo ambalo mzee alilikataa katakata, nami nikamheshimu zaidi kwa hilo, ni kugusa ndege. Rubani alimwomba aje uwanjani aangalie soketi ya nyuma iliyokuwa imelegea, akajibu kwamba kazi yake inaishia kwenye plagi, na kwamba kilicho upande wa pili wa soketi ni cha fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Soketi ilitengenezwa na mtu anayestahili.

Anayetaka kwenda aende na kitabu cha intakomu yake, hedseti inayofanya kazi vizuri kwenye ndege hiyohiyo, na plagi zote mbili alizokwisha kununua, maana mzee hana akiba ya plagi za maiki. Rubani wangu amempelekea helmeti yake ya akiba. Iko juu ya rafu, imefungwa karatasi yenye jina lake kwa mpira, na hii ni wiki ya pili.